Hita mpya ya maji nyumbani: nyuzi joto ngapi ni salama kwa mtoto?

Rhotia kuna baridi. Nyanda hizi za Karatu, kwenye njia ya kwenda Ngorongoro, ziko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kati ya Juni na Agosti hakuna mama anayemwogesha mtoto asubuhi kwa maji yalivyotoka bombani. Kwa kawaida maji hupashwa kwenye sufuria juu ya mafiga au jiko la gesi. Siku hizi baadhi ya nyumba zimefunga hita ya umeme, ya gesi au ya jua, na nyingine zina pipa lililojengewa juu ya moto wa kuni na kuunganishwa na bomba la bafuni.

Hita inapunguza ajali za sufuria iliyowekwa sakafuni, na hilo ni jambo kubwa. Lakini inaleta hatari ambayo mama hakuwa nayo: sasa maji ya kuunguza yanatoka kwenye koki ambayo mtoto wa miaka miwili anaweza kuifungua mwenyewe.

Tangini namba moja, bafuni namba nyingine

Fundi akimaliza kazi, muulize ameweka nyuzi ngapi. Mara nyingi atasema 60 au zaidi, na ana sababu. Maji yanayokaa tangini yakiwa vuguvugu, kati ya nyuzi 20 na 45, yanaweza kuzalisha bakteria wa Lejionela, ambao huleta nimonia mtu akivuta hewani matone madogo ya maji ya shawa. Kwenye nyuzi 60 bakteria hao hawadumu.

Tatizo ni kwamba maji ya nyuzi 60 huunguza vibaya ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama tano. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, huungua mapema zaidi. Kwenye nyuzi 54 mtu mzima ana kama nusu dakika. Yakiwa nyuzi 49 inachukua dakika kadhaa, yaani unapata muda wa kusikia kilio na kufika.

Kwa hiyo, njia bora ni kuacha tangi kwenye 60 na kumwomba fundi afunge valvu ya kuchanganya maji kabla ya bomba la bafuni, ili yanayotoka yasizidi nyuzi 49. Valvu hiyo ina gharama, lakini kama una mtoto mdogo, ushauri wetu ni kuinunua kabla ya kununua shawa nzuri. Ukishindwa kuipata, weka hita kwenye 50, kisha mara moja kwa wiki, usiku watoto wakiwa wamelala na bafu limefungwa, ipandishe hadi 60 kwa saa moja. Fanya hivyo pia mkirudi safari. Ukirudisha kitufe kwenye 50, maji hayapoi papo hapo, kwa hiyo yapime kabla ya mtoto kuoga.

Usiamini kitufe peke yake. Fungua maji ya moto kwa dakika moja, kinga kwenye kikombe, upime kwa kipimajoto cha jikoni. Kile cha homa kisitumike. Kinaishia karibu nyuzi 42, na cha kioo kinaweza kupasuka.

Hita ya jua na pipa la kuni

Hapa ndipo tunaomba umakini zaidi. Hita nyingi za jua hazina kitufe cha kupunguza joto. Siku ya jua kali, ikiwa hamjatumia maji tangu asubuhi, tangi linaweza kupita nyuzi 70 ifikapo saa tisa alasiri. Bomba lilelile lililokuwa vuguvugu asubuhi sasa linaunguza mara moja. Pipa la kuni ni hivyohivyo: joto lake hutegemea aliyechochea moto. Kwa mitambo hii valvu ya kuchanganya ni ya lazima, au koki ya maji ya moto iwekwe juu, mtoto asipofika.

Ukiona valvu ya usalama ya tangi inadondosha maji, usiizibe. Inapunguza shinikizo ili tangi lisipasuke. Na hita ya gesi isifungwe ndani ya bafu: moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu.

Wakati wa kuoga

Tia maji baridi kwenye beseni kwanza, kisha ongeza ya moto, koroga, halafu chovya kiwiko. Kiganja cha mama aliyezoea kushika sufuria hakisikii vizuri. Maji ya mtoto mchanga yawe karibu nyuzi 37, joto la mwili wake. Mtoto asiingie kwenye beseni huku bomba bado linatoka, wala asiachwe na dada yake wa miaka sita.

Mama aliyejifungua naye anahusika. Kukandwa kwa maji ya moto sana hakumsafishi mzazi. Kunaweza kumwachia majeraha, hasa penye mshono. Bibi anayekanda aambiwe kwa heshima kwamba maji ya vuguvugu yanatosha.

Mtoto akiungua

Mvue nguo haraka, pamoja na shanga au bangili, ila usivute kitambaa kilichogandia. Mmwagie mahali palipoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Kama bomba halitoki, mimina kwa kopo. Mwili mwingine ufunike, asishikwe na baridi. Kisha funika jeraha kwa kitambaa safi. Usipake dawa ya meno, asali, mafuta, yai wala majivu, na usitumbue malengelenge.

Mpeleke kituo cha afya, au hospitali mjini Karatu, kama hajatimiza mwaka, kama jeraha limezidi kiganja chake, au kama liko usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri. Jeraha jeupe lisilouma ni la kina, usisubiri kesho. Beba kadi ya kliniki, waone kama chanjo ya pepopunda imekamilika.