Mseto wa nyimbo: Jinsi ya kuuchagua, kuupanga na kuuhifadhi

MSETO wa nyimbo ni mkusanyo wa nyimbo za wasanii mbalimbali uliopangwa na mtu mmoja kwa nia maalumu: kujiburudisha mwenyewe, kumuaga rafiki anayesafiri, kupamba harusi au kumliwaza mgonjwa. Mwenye mseto hakuimba wala hakupiga ala yoyote. Kazi yake ni kuteua na kupanga, na hapo ndipo penye ugumu.

Desturi hii ilienea kutokana na kanda ya kaseti, ambayo kampuni ya Philips iliizindua mwaka 1963. Kabla ya hapo, mpenzi wa muziki alitegemea santuri zake na ratiba ya redio. Kaseti ya dakika 60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na ile ya dakika 90 ilikuwa na 45. Baadaye ikaja CD ya kurekodia yenye nafasi ya dakika 80, kisha rununu na huduma za muziki za mtandaoni ambazo hazina kikomo cha muda. Urahisi huo umeleta kasoro yake. Orodha ya nyimbo 300 si mseto bali ni ghala, na anayetumiwa ghala hasikilizi chochote kwa makini. Dakika 60 hadi 90 zingali kipimo kizuri.

Mlengwa kwanza

Swali la kwanza si wimbo upi ni mtamu, bali nani atausikiliza na akiwa wapi. Mseto wa safari ya usiku kutoka Nairobi hadi Mombasa hauwi sawa na wa jikoni asubuhi. Mseto wa wafanyakazi wenza unaweza kuanza na “Lunch Time” wa Gabriel Omolo, unaosimulia masaibu ya mtu wa mshahara mdogo wakati wa chakula cha mchana. Mzee aliyekuwa kijana katika miaka ya 1970 atafurahia Mbaraka Mwinshehe, Daudi Kabaka na Simba Wanyika, ilhali mjukuu wake huenda anawasikia kwa mara ya kwanza. Kanuni inayofaa ni kuchanganya nyimbo ambazo mlengwa anazijua na chache asizozijua. Zile za kwanza humfanya auamini mkono wa mteuzi, na za pili humpa zawadi.

Lugha haipaswi kuwa kizuizi. Wimbo “Charonyi ni Wasi” wa Maroon Commandos, bendi ya wanajeshi wa Kenya, uliimbwa kwa Kitaita, lakini tangu miaka ya 1970 umechezwa na Wakenya wasiojua hata neno moja la lugha hiyo.

Maneno yapimwe

Hata hivyo, mahadhi matamu huweza kuficha maneno yasiyofaa hafla. Mfano maarufu ni “Sina Makosa” wa Les Wanyika, bendi iliyochipuka kutoka Simba Wanyika mwaka 1978. Wimbo huo hupigwa harusini mara kwa mara, ilhali unahusu mapenzi ya watu wawili ambao kila mmoja ana mwenzake nyumbani. “Malaika” nao ni kilio cha kijana anayeshindwa kuoa kwa kukosa mahari. Kumtumia bwana harusi aliyehangaika kutafuta mahari wimbo huo kunaweza kuwa utani mzuri au tusi, kulingana na uhusiano uliopo.

Maana ya wimbo pia hubadilika na wakati. Kwa miaka mingi “Kasongo” wa Orchestra Super Mazembe ulikuwa wimbo wa mke anayemsihi mumewe arejee nyumbani. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2024, jina hilo liligeuzwa na Wakenya kuwa lakabu ya utani wa kisiasa. Mteuzi asiyefuatilia mambo hayo anaweza kuzua mjadala asioutarajia mezani.

Aidha, wimbo mmoja huweza kuwa na sura nyingi. “Malaika” wa Fadhili William si sawa na ule wa Miriam Makeba, wa Boney M au wa Angélique Kidjo. Mteuzi aamue mapema anataka sura ipi na kwa nini.

Nyimbo zilizokatwa nusu

Kosa linaloathiri zilizopendwa kuliko mengine ni kuchukua nusu ya wimbo. Katika miaka ya 1960 na 1970 muziki wa Afrika Mashariki uliuzwa sana kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika. Upande mmoja ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande wa kwanza, ya pili upande wa pili.

Katika rumba na benga, waimbaji hutangulia kueleza kisa, kisha huyapisha magitaa yapambe moto. Mara nyingi sehemu hiyo ya magitaa ndiyo iliyowekwa upande wa pili. Anayenakili upande wa kwanza pekee huwa amechukua maelezo na kuacha ngoma. Dalili yake ni wimbo unaofifia pale tu magitaa yanapoanza kuchangamka. Inafaa kutafuta nakala kamili, au kuziunganisha sehemu mbili kwa programu ya kuhariri sauti kama Audacity, ambayo hutolewa bila malipo.

Mpangilio

Wimbo wa kufungua uwe wa kukaribisha, si ule mkali kuliko zote. Ulio bora uwekwe katika nafasi ya tatu au ya nne, msikilizaji akiwa ameshatulia. Kasi ya mapigo hupimwa kwa urahisi: hesabu mapigo kwa sekunde 15, kisha zidisha kwa nne. Nyimbo mbili zinazofuatana zisipishane mno, isipokuwa mteuzi anakusudia kumshtua msikilizaji. Kutoka rumba ya taratibu hadi benga ya D.O. Misiani, wimbo mmoja wa kasi ya wastani hufaa kuwa daraja.

Si vyema msanii mmoja kufuatana na nafsi yake. Urefu nao uzingatiwe: “Mario” wa Franco, uliotoka mwaka 1985, huchukua takriban dakika 14, yaani karibu thuluthi moja ya upande wa kaseti ya dakika 90. Wimbo wa namna hiyo huwekwa katikati, palipo na nafasi ya kupumua, au mwishoni kabisa.

Rekodi za kale huwa na sauti ndogo kuliko za sasa. Zikiwekwa bega kwa bega bila kusawazishwa, msikilizaji hulazimika kuongeza na kupunguza sauti kila mara. Programu za kuhariri huifanya kazi hiyo kwa dakika chache.

Kuziokoa kanda za nyumbani

Nyimbo nyingi zinazotafutwa kwa mseto zimo katika kaseti zilizotupwa kabatini. Utepe wa sumaku huharibika kwa joto, unyevu na vumbi. Kaseti iliyokaa miaka mingi izungushwe kwanza mbele na nyuma bila kuchezwa, na kichwa cha kinasa sauti kisafishwe kwa pamba yenye spiriti. Ikiwa sauti ni nzito na mwendo ni wa kukokota, huenda tatizo ni mkanda wa mashine uliolegea, wala si kaseti.

Kinasa sauti huunganishwa na tarakilishi kwa waya. Nakala ya kwanza ihifadhiwe bila kubanwa, ambapo dakika moja huchukua takriban megabaiti 10. Kutokana nayo hutengenezwa nakala nyepesi za MP3 za kuwatumia jamaa.

Jambo moja halina budi kusisitizwa. Kaseti zilitumiwa pia kama barua. Baada ya nyimbo tatu zilizorekodiwa kutoka Sauti ya Kenya, huenda ikafuata salamu ya mama kwa mwanawe aliye ng’ambo, au sauti ya babu ambaye hakuacha rekodi nyingine. Kila kaseti isikilizwe pande zote mbili hadi mwisho kabla ya kutupwa au kurekodiwa upya. Vile vipande viwili vya plastiki vilivyo ukingoni mwa kaseti vikivunjwa, mashine haitaweza kurekodi juu yake.

Hakimiliki na kumbukumbu

Mseto wa kumtunuku rafiki usigeuzwe biashara. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kuuza nakala za muziki bila idhini ya wenye haki ni kosa nchini Kenya. Nyimbo zinunuliwe au zisikilizwe katika huduma zilizoidhinishwa, na kila mseto uandamane na orodha yenye jina la wimbo, msanii au bendi, na mwaka ikiwa unajulikana.

Orodha hiyo ina faida nyingine. Nyimbo huondolewa katika huduma za mtandaoni mikataba inapokwisha, na msikilizaji hubaki na pengo asilojua lilikuwa la nani. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini ya utepe huoza, na ya mtandaoni huweza kutoweka usiku mmoja. Penye orodha iliyoandikwa na nakala mbili katika sehemu tofauti, mseto unaweza kurithiwa.