Ndovu Si Kipimo: Sange, Majani Makavu na Uhifadhi wa Nyanda za Juu

Nyeri imezoea kupima uhifadhi wa msitu kwa uzio wa umeme. Ule wa Aberdare, wenye urefu wa karibu kilomita 400, ulikamilika mwaka 2009 baada ya kazi ya miaka ishirini, na wakulima wa pembezoni wamepumua kutokana na uvamizi wa ndovu. Hilo sina ubishi nalo. Ninachokipinga ni nadharia iliyopandikizwa juu yake, kwamba ndovu akilindwa, viumbe wadogo wanaoshiriki naye msitu wamelindwa pia. Kwa kipimo hicho Mukurweini, eneo la Nyeri lenye kahawa na miti ya mgrivea lakini lisilo na ndovu, huonekana haina cha kuhifadhi.

Ushahidi wangu unatoka pwani. Sange matako-dhahabu, Rhynchocyon chrysopygus, ni mnyama mdogo anayeishi katika misitu michache ya pwani ya Kenya, hasa Arabuko-Sokoke. Tangu mwaka 1998 wanasayansi wa jenetiki wamemweka katika ukoo mmoja na ndovu, mbali na virukanjia anaofanana nao. Lakini undugu wa damu haumaanishi mahitaji mamoja. Utafiti wa mwanasayansi Galen Rathbun, uliochapishwa mwaka 1979, ulifanyika katika msitu mdogo unaozunguka magofu ya Gede, pwani hiyo hiyo. Hapakuwa na ndovu pale, na sange waliishi na kuzaliana.

Walichokuwa nacho ni majani makavu. Alfajiri, majani yakiwa bado na unyevu, sange huchimba kishimo chenye kina kifupi, akayakokota majani kwa miguu ya mbele na kuyarundika juu yake. Apitaye karibu haoni kiota, anaona majani tu. Mnyama mmoja huwa na viota kadhaa na huhamahama kati yake. Mchana hupekua majani hayo hayo kwa pua yake ndefu akitafuta minyoo, majongoo, buibui na wadudu. Dume na jike hutumia pamoja eneo la takriban hekta 1.7, yaani zaidi ya eka nne, dume akifukuza madume wageni na jike majike. Kwa hiyo sakafu ya msitu ikikombwa, jozi nzima hupoteza chakula na malazi kwa pamoja.

Watetezi wa nadharia ya ndovu watajibu kwamba sange huuawa na mitego ya kamba iliyotegewa paa, na kwamba ulinzi wa ndovu huiondoa mitego hiyo. Jibu hilo lina uzito, ila halitoshi. Arabuko-Sokoke ina ndovu hadi leo, na bado makadirio ya sange yalishuka kutoka takriban 20,000 katika miaka ya 1990 hadi kama 13,000 mwishoni mwa muongo uliofuata. Mtego wa kamba huonwa na askari anayetembea msituni akiangalia chini. Kuhesabu ndovu kutoka angani hakuufichui.

Kwamba sange huyu si wa milimani hakubatilishi hoja. Aberdare ina kirukanjia-fuko wake, Surdisorex norae, na Mlima Kenya una wake, Surdisorex polulus. Hawapatikani penginepo duniani, na wote hutegemea minyoo na wadudu wa udongoni. Uzio hauwapi hata mnyoo mmoja.

Mukurweini nako sakafu hukombwa, kwani majani ya mgrivea hukusanywa na kutandikwa zizini, na hakuna wa kumlaumu mfugaji: ng'ombe wa maziwa hulipa karo. Pendekezo langu ni dogo. Kingo za mto Gura na vijito vyake, ambazo kwa vyovyote vile hazipaswi kulimwa, ziachwe bila kufagiwa, na maofisa wa misitu wa kaunti wapime humo kina cha majani makavu kila mwaka, kama wanavyohesabu miche iliyopandwa. Nathubutu kusema kwamba kipimo hicho kitatueleza zaidi hali ya wanyama wadogo wa Nyeri kuliko hesabu yoyote ya ndovu.