Pini 17 ilivyogeuka 529: historia ya kuwasha taa ndogo Laini Saba

Nimekuwa kimya kwa muda, naomba radhi. Kazi ya kuandika programu za watu inameza siku nzima, na jioni stima ikipotea ndio basi tena. Leo nimerudi na hadithi ya taa moja ndogo iliyokataa kuwaka, na jinsi ilivyonilazimu kuchimba historia ambayo nimekuwa nikiitumia miaka mingi bila kuijua.

Tuna chumba hapa Laini Saba, Kibera, mwendo mfupi kutoka reli. Jumamosi hukutana na vijana wanaotaka kujua kompyuta ndani ikoje. Bodi yetu ni Raspberry Pi 3, ile ya mwaka 2016, kompyuta nzima yenye ukubwa wa kadi ya benki na inayoendeshwa na Linux. Somo la kwanza kwa bodi za aina hii ni lile lile duniani kote: unganisha taa ya LED na resista kwenye pini, kisha uiwashe kwa amri. Kijana mmoja alikuwa na maelezo aliyoyachapisha saiba, ya mwaka 2013. Akaandika:

echo 17 > /sys/class/gpio/export

Keneli ikamjibu kwamba namba hiyo haikubaliki. Akarudia. Akabadilisha taa. Akabadilisha waya. Akaniangalia: "Mwalimu, bodi imekufa?" Nami nikaangalia chini, kwa sababu amri hiyo naijua kama jina langu na haikuwa na kosa.

Jambo hili halikuwa mchezo. Watu wa ploti walikuwa wametupa kazi. Mwenye nyumba hutoza stima pamoja na kodi, kiasi kile kile kila mwezi, iwe imewaka au haikuwaka. Mama mmoja mwenye friza ya samaki alikuwa amepoteza mali mara mbili, na kila wakilalamika wanaulizwa, "Ilipotea lini? Saa ngapi?" Hakuna mwenye jibu. Basi tukasema tutaweka bodi ihesabu: stima ikiwepo pini inasoma 1, ikipotea inasoma 0, na kila badiliko linaandikwa kwenye faili pamoja na saa. Bodi yenyewe itakula kwa pawabenki. Lakini kama hata taa haiwaki, kuhesabu tutaanzaje?

Haya, turudi nyuma kidogo.

Kabla ya hizi bodi za bei nafuu, Linux ndogo ambayo mtu wa kawaida aliweza kuishika mkononi ilikuwa ruta. Linksys WRT54G ilitoka mwishoni mwa 2002, ya kwanza ikiwa na prosesa ya megahezi 125, RAM ya megabaiti 16 na flashi ya megabaiti 4. Watu wakagundua ndani mna Linux, na leseni ya GPL ikamlazimu mtengenezaji kutoa msimbo wake mwaka 2003. Kutokana na msimbo huo mradi wa OpenWrt ukaanza 2004. Taa za mbele za ruta ile na kitufe chake cha nyuma zilikuwa zimeunganishwa na pini za GPIO za chipu, yaani pini zisizo na kazi maalum, unazoziamuru mwenyewe kuwa za kusoma au za kuandika. Wapo waliochomea kadi ya SD kwenye nyaya hizo hizo, ili ruta iwe na nafasi ya kuhifadhi faili. Ukitaka kuongea nayo bila mtandao, unachomea nyaya tatu za siriali, unaweka kasi ya 115200, na herufi zinaanza kumiminika. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma habari hizi katika saiba ya Kawangware, nikilipa kwa dakika, intaneti ikipita kwenye setilaiti. Kebo ya SEACOM ilifika pwani yetu Julai 2009 tu. Ruta yenyewe nilikuwa sijaigusa.

Shida ya enzi hiyo ni kwamba kila chipu ilikuwa na njia yake ya kuwashiwa taa. Programu ya ruta hii haikufaa kwa ile. Aliyeleta utaratibu ni David Brownell. Mwaka 2008, miezi michache baada ya reli yetu hapa Kibera kung'olewa katika ghasia za uchaguzi, keneli 2.6.25 ilitoka na gpiolib, na mwaka huo huo 2.6.27 ikaleta saraka ya /sys/class/gpio. Sasa pini ikawa faili. Unaandika 1 ndani ya faili, taa inawaka, na huhitaji kujua lugha ya C. Brownell alifariki 2011, mwaka mmoja kabla ya Raspberry Pi kutoka, kwa hiyo hakuona watoto wa shule wakiandika echo yake kwa mamilioni. Nafikiri ni miongoni mwa wahandisi ambao kazi yao imetumiwa na wengi na jina lao linajulikana na wachache.

Bei nayo iliporomoka. BeagleBoard ya 2008 iliuzwa dola 149. BeagleBone ya 2011 ikawa 89. Februari 2012 Raspberry Pi ikaja kwa dola 35, na ndipo Luthuli Avenue yetu ikaanza kuwa na bodi hizi madirishani, kwa bei iliyoongezwa chumvi kidogo, lakini zipo.

Nairobi haikukaa ikitazama tu. iHub ilifunguliwa 2010 katika jengo la Bishop Magua pale Ngong Road, mahali unapofika kwa miguu kutoka hapa kama huogopi jua. Watu wa Ushahidi, mradi uliozaliwa Januari 2008, wakaanza kutengeneza BRCK, modemu ngumu yenye betri ndani ambayo haizimiki stima ikipotea. Walichangisha pesa kupitia Kickstarter 2013 na kuanza kuituma kwa wateja 2014. Wengi waliisifu kwa kuwa "ya Kiafrika". Mimi naisifu kwa betri. Yeyote aliyebuni kifaa akiwa Nairobi alijua kwamba umeme ndio swali la kwanza, na kwamba intaneti inafuata. Hapa Kibera kwenyewe, vijana wa Map Kibera walikuwa wametembea na vipokezi vya GPS tangu Novemba 2009 wakichora vichochoro ambavyo ramani za serikali hazikuwa navyo, na baadaye Taasisi ya Tunapanda ikaweka antena juu ya mapaa, TunapandaNET, kuunganisha shule. Antena hizo nazo ni kompyuta ndogo za Linux, ingawa anayepita chini yake haoni zaidi ya kibao cheupe.

Turudi kwenye taa yetu. Pini ile moja ina majina manne. Ukihesabu kwa kidole kwenye bodi ni ya 11. Kwa chipu ni GPIO 17. Kwa maktaba ya zamani ya WiringPi ni 0. Ni kama mtu mwenye jina la nyumbani, la kitambulisho na la mtaani. Mpaka hapo nilijua. Nisilojua ni kwamba wakuu wa keneli walishachoka na utaratibu wa Brownell. Namba zilikuwa za mashine nzima, na ukiwa na chipu mbili au tatu zenye pini zinagombania namba. Tena programu ikifa, pini inabaki ilivyoachwa, hakuna mwenyewe. Oktoba 2016 keneli 4.8 ikaleta njia mpya, ambapo kila chipu ni kifaa chake, /dev/gpiochip0 na wenzake, na njia ya zamani ikatangazwa imestaafu. Ikaendelea kufanya kazi hata hivyo, na maelezo ya zamani yakaendelea kunakiliwa. Kisha 2024 Raspberry Pi OS ikahamia keneli 6.6, na kwenye bodi kama yetu hesabu ya zamani haikuanza tena 0. Ilianza 512.

512 na 17 ni 529. Tukaandika echo 529. Taa ikawaka, na vijana wakapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Sikuwaacha hapo, maana namba hiyo inaweza kuhama tena. Tulihamia vifaa vya libgpiod, ambako unataja chipu na pini na 17 inabaki 17. (Nako kuna mtego: toleo la 2 la mwaka 2023 linataka -c kabla ya jina la chipu, la kwanza halikutaka. Angalia toleo lako kabla ya kulaani bodi.)

Kusoma stima kulikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Hatukugusa volti 240 kabisa, na wewe usiguse. Tulichukua chaja ya simu, tukaichomeka ukutani, na volti 5 zake tukazipunguza kwa resista mbili, ya 10k na ya 20k, zikabaki kama 3.3. Pini za bodi hii hazistahimili 5. Najua kwa sababu bodi yetu ya kwanza, iliyonunuliwa kwa michango ya miezi mitatu, iliungua pini hivyo hivyo, na aliyeshika waya ni mimi.

Tukaiacha mwezi mzima. Faili ikajaa. Siku ya kuisoma, mama wa samaki akaja na daftari lake, maana yeye pia alikuwa ameanza kuandika. Kukatika kwa saa moja moja kulilingana. Lakini kuna usiku daftari lilisema stima ilipotea saa moja jioni ikarudi saa nne asubuhi, saa 15 nzima, na bodi ilisema saa 9. Na kuanzia hapo kila tukio la bodi lilikuwa nyuma kwa saa kadhaa. Kijana akataka kumwambia mama amekosea. Nikamzuia, kwa sababu nilishaanza kuhisi aibu.

Kompyuta za mezani zimekuwa na saa yenye betri yake tangu IBM PC AT ya 1984. Raspberry Pi, ili iuzwe dola 35, iliachiwa bila saa hiyo. Ikipata intaneti inauliza wakati, isipopata inaendelea kutoka muda wa mwisho iliyouandika kwenye kadi. Chumba chetu hakina intaneti. Pawabenki ilidumu takriban saa 9, bodi ikazima, na ilipoamka iliamini kwamba ndiyo kwanza imefumba macho. Maana yake ni kwamba kila stima ilipopotea kwa muda mrefu, yaani pale hasa samaki walipooza, ndipo kumbukumbu yetu ilipopunguza hesabu. Tungempelekea mwenye nyumba faili ile, tungekuwa tumemtetea yeye.

Nilishuka Luthuli Jumatatu nikanunua kisaa cha DS3231 chenye betri ya kitufe. Nyaya nne, za umeme mbili na za I2C mbili, na mstari mmoja kwenye faili ya config.txt: dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Pi 5 ya 2023 imeletewa saa ndani, lakini betri yake unajinunulia.

Mwezi wa pili faili na daftari vilipishana kwa dakika tu. Walikwenda kwa mwenye nyumba na vyote viwili. Faili niliyoichapisha vizuri, yenye jedwali, aliigeuza mara moja akaiweka mezani. Daftari alilisoma ukurasa kwa ukurasa, na kila tarehe alimuuliza mama, naye kijana akathibitisha kutoka kwenye karatasi. Mwezi huo walikatwa nusu ya pesa ya stima. Mwezi uliofuata hatujui bado, na betri ya pawabenki imeanza kuvimba.