Fanani, Hadhira na Mashine: Chimbuko la Sanaa Shirikishi ya Kompyuta na Nafasi Yake Kuresoi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza historia ya sanaa shirikishi ya kompyuta, yaani kazi ambayo haikamiliki mpaka mtazamaji aiguse, aijibu au aiamuru, pamoja na namna watu walivyojifunza kuitunga kwa kuandika programu. Aghalabu sanaa hii huchukuliwa kuwa ngeni kabisa barani Afrika. Hoja yetu ni kwamba kilicho kigeni ni mashine. Uhusiano wa fanani na hadhira ambao sanaa hiyo inaudai ni wa kale. Tutaiangalia hoja hii kwa kurejelea Kuresoi, eneo la nyanda za juu lililo magharibi mwa Kaunti ya Nakuru, kando ya msitu wa Mau, ambako Wakipsigis, Waogiek, Wakikuyu na Wakisii huishi kwa ujirani na kukutana katika Kiswahili.

2.0 Majibizano Kabla ya Mashine

Tuanze na kitendawili. Mtegaji hutangaza, kisha husubiri. Hadhira isipoitikia "tega", hakuna kinachoendelea. Jibu likiwa sahihi, fumbo hufunguka. Likikosewa, mtegaji hudai apewe mji ndipo alitoe mwenyewe. Huu ndio muundo wa msingi wa programu shirikishi: kusubiri tendo la mtumiaji, kulipima kwa sharti, kisha kufuata njia moja kati ya mbili.

Mfano wa pili ni gĩcaandĩ ya Wakikuyu. Hili ni shairi la mafumbo linaloghanwa kwa majibizano ya mafanani wawili, na chombo chake ni kibuyu kilichochorwa alama. Kimani Njogu, katika utafiti wake wa miaka ya 1990, aliilinganisha gĩcaandĩ na ushairi wa Kiswahili wa kujibizana, akaonyesha kuwa ushindani na ushirikiano huenda sambamba katika tanzu hizo. Kwa mtazamo wetu, alama za kibuyu hazitoshi kuwa shairi zikiwa peke yake. Huhitaji msomaji anayezijua kanuni na mpinzani anayemlazimisha kuzitumia.

Aidha, arudhi yenyewe ni mfumo wa kanuni. Utenzi hurudiarudia ubeti wa vipande vinne vya mizani minane, ambapo vina vya vipande vitatu vya kwanza hubadilika kila ubeti, na kina cha mwisho hubaki kilekile tangu mwanzo hadi tamati. Takhmisi humpa mtunzi mishororo miwili ya mwenzake na kumtaka aongeze mitatu. Amri Abedi alipochapisha *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, aliwawekea wanagenzi kanuni hizo kwa maandishi. Mgogoro wa mashairi huru uliofuata katika miaka ya 1970 ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, swali la iwapo kanuni humfunga mtunzi au humwezesha.

3.0 Kutoka Stuttgart hadi Dakar

Mwaka 1965 Georg Nees alionyesha mjini Stuttgart michoro iliyochorwa na kompyuta. Ilikuwa sanaa ya kanuni, lakini mtazamaji hakuwa na la kufanya ila kutazama. Mwaka uliofuata Joseph Weizenbaum alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyojibizana na mtu kwa maandishi. Mwaka 1967 Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walibuni lugha ya Logo. Baadaye lugha hiyo ilimwezesha mtoto kumwamuru "kobe" aende mbele, ageuke kulia, na kurudia hayo mara nne hadi mraba ukamilike. Papert alisisitiza kuwa mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru kompyuta, si kompyuta kumwamuru mtoto. Mwaka 1982 wazo hilo lilifika Afrika kwa mradi wa majaribio katika shule za Dakar, Senegal.

Mwaka 2001 Casey Reas na Ben Fry, wanafunzi wa John Maeda, walianzisha Processing, lugha iliyokusudiwa wasanii. Mwanagenzi huandika mistari michache, duara likatokea. Akiongeza sharti moja, duara humfuata mguso wa mtazamaji. Scratch ilifuata mwaka 2007, na Kiswahili kimo miongoni mwa lugha zake.

4.0 Kenya na Swali la Kuresoi

Mwaka 2016 serikali ya Kenya ilianza kusambaza tabuleti katika shule za msingi za umma. Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa. Mwezi Aprili 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa shule za msingi na za upili. Ni dhahiri kuwa hatua hizi mbili hazilingani. Ya kwanza humpa mtoto chombo cha kubofya. Ya pili humpa uwezo wa kukitungia. Mtoto wa Kuresoi aliyeishia kwenye hatua ya kwanza amefanywa hadhira ya kudumu ya mafanani asiowajua. Katika jadi ya kitendawili, kinyume chake, anayetegua leo ndiye anayetega kesho.

Suala la lugha nalo ni zito. Amri za lugha nyingi za kompyuta ni za Kiingereza. Hata hivyo, *Jambo OpenOffice*, iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004, ilithibitisha kuwa Kiswahili kinaimudu mashine. Katika eneo kama Kuresoi, lililojeruhiwa na ghasia za 1992 na za 2007–2008, kazi inayodai wawili wajibizane katika lugha wanayoshiriki ina uzito unaozidi ule wa mchezo wa darasani.

5.0 Hitimisho

Tumeonyesha kuwa sanaa shirikishi ina mizizi miwili: kanuni na majibizano. Yote miwili imo katika fasihi yetu. Hivyo basi, ufundishaji wa usimbaji usiachiwe walimu wa hisabati pekee. Idara za fasihi, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Egerton kilicho Njoro, jirani na Kuresoi, zina wajibu wa kuandaa mazoezi yanayoanzia kwenye kitendawili, utenzi na gĩcaandĩ. Tusipofanya hivyo, wanafunzi wetu watajifunza amri bila ya kujua kwamba mababu zao walikwisha kuzitunga nyingine kama hizo.