Motokaa Kuukuu katika Mbuga ya Konza

Konza ilijulikana kwanza kwa garimoshi, kwa kuwa reli iliyotoka Mombasa ikawasili Nairobi mwaka 1899 ilitengewa hapo baadaye tawi la kwenda Magadi. Lakini elimu ninayoikusudia, ya kukagua motokaa kuukuu, ilizaliwa katika njia ya motokaa iliyopita jirani, zama ambazo haijatiwa lami, kiangazi ikiwa vumbi tupu na masika udongo mweusi wa kunata. Mashindano ya Safari, yaliyoasisiwa mwaka 1953, yaliitangaza Peugeot 404, iliyoshinda mwaka 1963 na tena tangu 1966 hadi 1968, nayo ikazidi kuaminiwa kwa kuchukulia abiria, hata ilipokwisha kuzeeka.

Fundi mjuzi wa gari la namna hiyo aliinua gurudumu la mbele kwa jeki, akalishika juu na chini akalitikisa, kisha kushoto na kulia: likicheza juu na chini, aghalabu beringi imelegea; likicheza kando, viungo vya usukani vimelika, na gari haliondoki. Moshi wa buluu, dalili ya oili kupenya ringi zilizoliwa na vumbi, ulistahimiliwa miezi mingi, maadamu oili iliongezwa. Kutu ya mlango haikuhesabiwa (fundi wa leo, naona, huanzia kwenye rangi). Breki hazikujadiliwa: zikiwa mbovu, gari haliondoki. Rejeta yenye kuvuja ndiyo iliyoleta mashauri: aendaye Machakos alijaziwa maji akaruhusiwa, bali ashukaye Mombasa, na nyika yote ile mbele yake, alilazimika kungoja ichomelewe.