Kurithi mkoba: nta ya Ugalla na ngozi inayozeeka

Wadau, leo tuanze na lugha. Tukisema fulani karithi mkoba wa babu yake, hatuzungumzii begi la Kariakoo. Tunamaanisha karithi uganga: dawa, vifaa, na zaidi ya yote elimu ya kuvitumia. Mkoba wenyewe ulikuwa wa ngozi au ukili tu. Ukipewa mkoba bila ile elimu, umepewa mzigo.

Nimelikumbuka hilo kwa sababu mjini siku hizi tunarithi mikoba ya aina nyingine. Mama anafungua kabati na kumkabidhi binti yake mkoba ulionunuliwa Ulaya miaka ya 1970. Mwingine anauokota kwenye mitumba ya Karume, ambayo imeshamiri tangu enzi za Mzee Ruksa katikati ya miaka ya 1980. Jina kubwa limegongwa kwa rangi ya dhahabu, ngozi ni halisi, ila imekauka, imechanika kwenye mikunjo, na kwa unyevu wa Dar imeota ukungu. Kinachofuata ni msiba. Mtu anachukua sabuni ya kipande, anausugua, anauanika juani, halafu anaumalizia kwa mafuta ya mgando. Kwisha habari yake!

Sasa najiuliza: mkoba tumeurithi, elimu yake iko wapi? Sehemu ya jibu iko porini, mbali kabisa na maduka ya Paris na Milano. Iko Ugalla.

Kwa wasiopajua, Mto Ugalla unapita kwenye misitu ya miombo mpakani mwa Tabora na Katavi, unaingia Malagarasi, na maji yake yanaishia Ziwa Tanganyika. Ukipanda treni ya Kaliua kwenda Mpanda unauvuka. Masika unatapakaa, kiangazi unabaki madimbwi ambamo viboko na mamba wanabanana. Huko kuna vitu viwili ambavyo historia ya mkoba wa kifahari haiwezi kuvikwepa: nta na mamba.

Tuanze na nta. Wakonongo, Wagala na Wanyamwezi wamerina asali katika misitu hii kwa vizazi vingi. Mzinga wa asili ni gamba la mti, hasa la miti ya jamii ya miombo kama mtundu, lililoviringishwa na kutundikwa juu. Mrinaji anapanda usiku na moshi, anatoa masega, anakamua asali. Masega yaliyobaki yanachemshwa kwenye maji na kuchujwa. Nta inaelea, ikipoa inaganda kama keki ya manjano. Asali ilitumika nyumbani na kutengeneza pombe. Nta ndiyo iliyosafiri: haiozi, haimwagiki, na mtu anaweza kuibeba kichwani siku nyingi.

Enzi za Wajerumani nta ilikuwa tayari miongoni mwa bidhaa zilizopelekwa Ulaya. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, njia ikafupika. Wakaja Waingereza, na katika miaka ya 1920 na 1930 waliwahamisha watu wa magharibi mwa Tanganyika kutoka maporini kwenda kwenye makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mbung'o wakabaki na misitu, na warinaji wakawa watu wa kuingia kwa msimu, kupiga kambi na kutoka. Baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1940, tawi la reli la Mpanda lilianza kujengwa. Lililengwa kwa madini ya risasi, lakini reli haichagui mzigo.

Ulaya walifanyia nini nta? Mishumaa ya kanisani, dawa, vipodozi, na ngozi! Chukua mfano wa Hermès, karakana iliyoanza Paris mwaka 1837 kwa kutengeneza zana za farasi. Mshono wao maarufu ni wa mkono: uzi mmoja wa kitani uliopakwa nta ya nyuki, sindano mbili, kila tundu linapitiwa mara mbili kutoka pande mbili. Uzi ukikatika mahali pamoja, upande wa pili bado umeshika. Mshono wa cherehani ukikatika, unaanza kufumuka. Na nta inaufanya uzi ukamate kwenye matundu na kuukinga na unyevu. Sisemi kwamba mkoba wa mama yako una nta ya Ugalla. Ninachosema ni kwamba bidhaa ambayo mrinaji aliibeba kichwani, na fundi wa Paris akaburuzia uzi wake, ni ile ile.

Halafu kuna mamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili mikoba ya ngozi ya mamba ikawa fasheni, na maziwa na mito ya Afrika Mashariki ikavamiwa na wawindaji. Kazi ilifanyika usiku, kwa tochi, kwa sababu macho ya mamba yanang'aa mwanga ukiyapiga. Waliyemuua walimchuna zaidi ngozi laini ya tumbo, maana mgongo una mifupa. Mwaka 1961 Hugh Cott alichapisha utafiti wake wa mamba wa Uganda na Rhodesia ya Kaskazini, akaeleza jinsi uwindaji ulivyowapunguza. Mkataba wa kimataifa wa CITES ukatiwa saini mwaka 1973 na kuanza kazi mwaka 1975. Tanzania ilijiunga mwaka 1979. Mwaka 1985 mamba wetu waliruhusiwa kuuzwa tena, ila kwa mgawo maalumu. Kwa hiyo kama mkoba uliorithi ni wa mamba, usiuvushe mpaka kabla hujauliza watu wa wanyamapori kuhusu kibali.

Haya, tuje kwenye elimu yenyewe.

Kwanza, hakikisha ni ngozi. Kama inabanduka vipande vyembamba kama rangi ya ukuta, hiyo ni plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa. Hakuna nta wala mafuta yatakayoiokoa.

Pili, ukungu. Upeleke mkoba nje, uufute kwa kitambaa laini kikavu, uuache penye upepo na kivuli. Jua kali linakausha mafuta ya ngozi, na sabuni ya kufulia inayang'oa.

Tatu, mafuta na nta vina kazi tofauti. Mafuta yanaingia ndani na kulainisha, nta inakaa juu na kukinga. Ukipaka nta tupu kwenye ngozi iliyokauka, umeifungia kiu yake ndani. Tumia dawa ya ngozi yenye vyote viwili, kidogo sana, na ujaribu kwanza chini ya mkoba pasipoonekana. Mafuta ya kupikia usiguse, yanachacha na kunuka. Ngozi ya manyoya na ile inayong'aa kama kioo hazitaki nta. Ya mamba ifute kavu tu, kufuata magamba, mengine mwachie fundi anayeijua.

Nne, mshono ukifumuka, mwambie fundi apitishe uzi kwenye matundu yale yale ya zamani. Kila tundu jipya ni mahali papya pa kuchanikia.

Tano, uhifadhi ukiwa umejazwa karatasi nyeupe, ndani ya mfuko wa pamba, si wa nailoni.

Na msiogope makovu. Tarehe 10 Julai 2025 mjini Paris, mkoba wa kwanza kabisa wa Birkin, uliotengenezwa kwa ajili ya Jane Birkin miaka ya 1980, uliuzwa mnadani kwa zaidi ya euro milioni 8. Ulikuwa umekwaruzika na una alama za stika alizobandika mwenyewe! Kilicholipiwa hapo ni maisha yaliyopita juu ya ile ngozi.

Kinachonisumbua ni upande wa pili wa hadithi. Misitu ya miombo inakatwa kwa kuni za kukaushia tumbaku, kwa mkaa na kwa mashamba. Mti uliochunwa gamba kwa ajili ya mzinga nao hufa, kwa hiyo mizinga ya mbao ina hoja yake. Mwaka 2019 Pori la Akiba la Ugalla lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Ni habari njema kwa mamba na viboko. Lakini zamani warinaji waliruhusiwa kuingia kwa msimu, na hifadhi ya taifa ina masharti makali zaidi. Mzee anayejua mti gani unachanua lini, na nyuki wanahamia wapi, atamfundishia wapi mjukuu wake?

Siku hizi tunanunua kopo dogo la dawa ya ngozi kutoka ng'ambo, lenye nta ya nyuki, kwa bei ya kutisha, wakati nyuki wako Inyonga na Mpanda. Mkoba tumeurithi, wadau. Elimu yake tunaiachia nani?