'Chai ya Kiafrika' na Wahindi waliosahaulika

Ukishuka matatu pale Adams Arcade, Barabara ya Ngong, uingie mkahawani, soma orodha ya vinywaji. Aghalabu chai iliyochemshwa pamoja na maziwa imeandikwa kwa Kiingereza kuwa 'chai ya Kiafrika'. Ikitiwa iliki, tangawizi na mdalasini, inageuka 'chai ya masala', na bei inapanda. Kwenye vibanda vya soko la Toi, hapo karibu, ni chai tu. Unamiminiwa, unakunywa, unalipa, unaenda zako.

Jina hilo la kwanza ndilo linalonishughulisha leo. Mwingereza, kwa desturi yake, huloweka majani kwa maji moto kwenye birika, maziwa yakaletwa kando. Kuchemsha majani, maziwa na sukari ndani ya sufuria moja hadi vifure ni mtindo wa Bara Hindi. Kweli, hata huko chai haikuwa kinywaji cha kila mtu hadi karne ya 20, makampuni yalipoinadi kwa bidii. Hapa kwetu mche wa chai ulipandwa Limuru mwaka wa 1903, miaka miwili tu baada ya reli iliyojengwa na vibarua zaidi ya 30,000 kutoka India kufika Kisumu. Wenye maduka waliofuata reli hiyo walikuwa wakienda na kurudi ng'ambo ya bahari, nao mapishi yakasafiri nao. Adams Arcade penyewe pana jina la mfanyabiashara wa jamii hiyo, Abdul Habib Adam.

Mwaka wa 2017 serikali iliwatangaza Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Wengine walishangaa. Ajabu ni kwamba kinywaji chao tulishakipa uraia, tena uraia wa bara zima, ila tukasahau kuwataja waliokileta!

Tuje kwenye maneno. Wanafunzi wangu, wakikutana na neno lisilo la Kibantu, husema haraka, "Hilo ni la Kiarabu, Prof." Sivyo kila mara. Kiarabu sanifu hakina sauti /ch/, nacho husema 'shay'. Sisi tunasema 'chai', kama wasemavyo Waajemi na wasemaji wa Kihindi na Kiurdu. Chanzo cha yote ni 'cha' ya Kichina. 'Tea' ya Kiingereza ilitoka kwa Wachina wa pwani ya Fujian, waliosema 'te', ikachukuliwa na Waholanzi kwa meli hadi Ulaya. Basi mdomo wa Mswahili umetunza habari za upande gani wa bahari uliomletea chai.

'Masala' ina kisa kitamu zaidi. Ilianza Uarabuni kama 'masalih', wingi wa neno lenye maana ya faida au jambo lenye manufaa. Uajemi ikawa pia vifaa na mahitaji; India ikawa viungo vya jikoni. Neno hilohilo lilitufikia kwa njia nyingine likiwa 'maslahi'. Kwa hivyo mbunge anayepigania maslahi ya umma na mpishi anayetia masala kwenye sufuria wanatumia ndugu wawili wasiojuana. (Kwamba hongo nayo tunaiita 'chai', hilo nawaachia wanasiasa.)

'Sharubati', kweli, mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kunywa. Nairobi imebaki neno la mtihani. Mtaani watu husema 'juisi', lakini Mombasa ingali na wenyewe. 'Faluda', yenye maziwa, tambi na mbegu za mrihani, ina jina la Kiajemi lililopitia India. 'Lasi' ya Wapunjabi haiko mbali sana na maziwa lala yetu, ndiyo maana nadhani haikuhitaji kuenea.

Ukwaju nao ulikwenda kinyume. Waarabu waliuita 'tamr hindi', yaani tende ya India, na Ulaya ikaiga jina hilo. Kumbe mti wenyewe asili yake ni Afrika, na ulivuka kwenda India zamani sana. Mswahili hakuchukua jina la Mwarabu wala 'imli' ya Mhindi. Anayeuza maji ya ukwaju Mombasa angali anauita ukwaju.